Kiwiko

Hapa Oulu, mwezi wa Desemba,
jua huchomoza saa nne na ushei,
na ikigonga saa nane limeshaaga.
Ndiyo maana nabisha hodi saa tano kasoro robo,
theluji imeng'ang'ania viatu,
begi begani, lenzi mbili, mablanketi matatu,
na kikapu cha matete ambacho sijawahi kukipenda.

Jarkko anafungua, soksi moja ya njano, moja ya kijivu.
"Samahani kwa vyombo," anasema,
"samahani kwa nguo, samahani kwa harufu,"
kana kwamba nimetumwa na bwana afya.
Inkeri yuko kochini, hainuki.
Nywele zake hazijaona maji tangu Jumapili.
Mtoto ana siku tisa na jina hana,
jina huku hufichwa hadi ubatizo,
basi kwa sasa wanamwita Kifungo,
naye hajali.

Kwanza nazima taa.
Kila nyumba hushangaa: mpiga picha, anazima taa!
Nasukuma kochi hadi dirishani,
penye mwanga mwembamba,
maziwa yaliyotiwa maji.

Kikapuni, Kifungo analia.
Juu ya ngozi ya kondoo analia zaidi.
Namwinua, ananikojolea
mkono, mkanda wa kamera, na lile blanketi la bei.
Chini ya meza Veeti, miaka minne,
anauliza kama mashine yangu
inaweza kumrudisha huyu alikotoka.
Hapana, namjibu. Hii hubakiza tu.
Anafikiri.
"Basi haifai."

"Mpige yeye," anasema Inkeri. "Mimi niache nje."

Wengi husema hivyo.
Kwangu ipo picha moja ya uchanga wangu,
mwaka wa sitini na tatu, baba ndiye aliyeipiga:
mimi katikati, nimeviringishwa kama mkate,
na ukingoni, kiwiko.
Kiwiko cha mama, sweta lina tundu.
Alikwepa, eti hajachana nywele.
Akafa Machi, barafu ya mto haijapasuka,
na picha nyingine yetu sisi wawili
haipo.
Nakijua kiwiko kile, mikunjo yake, uzi ulioning'inia,
kuliko ninavyolijua paji la uso wangu.

Hayo simwambii.
Bei ya picha inatosha,
sina haki ya kumwongezea na msiba wangu.
Namwambia tu:
"Nipe kiwiko, basi."

Anacheka, mara ya kwanza,
na kicheko kinashusha maziwa,
fulana inalowa duara mbili.
Anatoa kiwiko.
Kiwiko kinakuja na mkono, mkono na bega,
bega haliwezi kuja peke yake,
na Kifungo, aliyeyanusa maziwa,
ananyamaza ghafla,
mdomo wazi, akitafuta.
Napiga. Napiga. Sipumui.

"Na vyombo pia," anasema Inkeri.
Nadhani sijasikia vizuri.
"Vyombo. Sinki lote. Kila anayekuja hapa
ananiambia hizi siku nitazisahau."

Basi naenda jikoni:
vikombe kumi na kimoja, brashi ya chupa,
kipande cha mkate mweusi chenye meno ya Veeti,
mvuke wa birika kiooni.
Nyuma yangu Jarkko anasema samahani,
sijui sasa anamwomba nani.

Saa saba u nusu mwanga umekwisha.
Wanamfunga Kifungo tabaka kwa tabaka
wanamtoa roshani kulala kwenye kigari,
digrii nane chini ya sifuri, kama tulivyolala wote.
Veeti anasimama kiooni,
anahesabu pumzi za yule asiyemtaka.
Anafika ishirini, anakosea, anaanza upya.

Usiku, mkono bado unanuka mkojo,
nafuta picha zote za kikapu.
Ya vyombo naiweka ya kwanza.
Kwenye ile ya kiwiko, pembeni chini,
imeingia soksi ya Jarkko, ile ya njano.
Kidole kiko tayari kuikata.

Sikuikata.